Nenda Upare, Ila Usitarajie Kuandaliwa

Watanzania wengi wanaijua Same kupitia dirisha la basi. Unatoka Dar es Salaam alfajiri, unapita Korogwe, Mombo, Hedaru na Makanya, na muda wote huo milima imekaa kulia kwako: huku chini vichaka vya miiba na mashamba ya katani, kule juu wingu limelala. Basi linasimama Same dakika chache. Wauza maji na karanga wanakimbilia madirishani, konda anagonga bati, safari ya Moshi inaendelea. Mara nyingine jina la Same linasikika kwa msiba, kama Juni 2025, pale basi na gari dogo la abiria yalipogongana eneo la Sabasaba na kuwaka moto, watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Nchi nzima iliitaja Same wiki ile, kisha ikanyamaza.

Nikimwambia mtu ashuke pale na apande mlimani, swali linalokuja ni moja: huko kuna nini? Anayeuliza anataka kusikia simba, au bahari, au walau hoteli yenye bwawa la kuogelea. Ni swali la mtu aliyezoea kwamba safari ni kitu anachoandaliwa na wengine, yeye analipa na kupiga picha. Kwa mtu wa namna hiyo Upare hauna cha kumpa. Kwa mwingine yeyote una mengi kuliko atakavyoweza kuyamaliza, ila hakuna hata moja lililopangwa kwa ajili yake. Mimi nasema hali hiyo si kasoro ya kukimbilia kurekebisha. Anayepaswa kurekebika kwanza ni mgeni.

Si kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Uholanzi la SNV lilisaidia kuanzisha utalii wa kitamaduni kaskazini mwa nchi, na Upare ulikuwamo: Usangi kwa upande wa Pare Kaskazini, Mbaga kwa upande wa Pare Kusini. Usangi wageni walikuwa wakipata malazi hata katika Shule ya Sekondari ya Lomwe. Vitabu vya mwongozo vya Wazungu viliandika kurasa mbili tatu, wakaja wachache wenye mabegi ya mgongoni, wakaondoka wakisifu. Lushoto, ng'ambo ya bonde tu, iliendelea na kazi hiyo hadi ikawa mji wa wageni. Upare ulirudi kwenye shughuli zake. Sababu zipo: Lushoto ina lami hadi juu, ina majina ya Wajerumani, ina hoteli za tangu ukoloni. Lakini naamini pia kwamba Wapare hawakuona haja ya kucheza ngoma saa nane mchana kwa ajili ya mtu aliyeshuka kwenye gari, na katika hilo niko upande wao.

Tuanze na namna ya kufika, maana hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Same ni rahisi. Basi lolote la Moshi au Arusha linapita, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kwenye reli ile ya kaskazini ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Mji wenyewe ni mkavu, una joto na vumbi, na kwa miaka mingi aliyelala gesti ya Same alioga kwa ndoo na kuhesabu vikombe. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulichukua zaidi ya miaka kumi kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajauzindua Machi 2025. Kwa hiyo tegemea bomba, lakini ndoo usiitupe.

Kutoka Same kupanda juu ni habari nyingine. Magari ya milimani yana ratiba ambayo haijaandikwa popote na ambayo kila mtu anaijua. Yanashuka gizani, yameleta watu wa hospitali, wa benki, wa mahakamani na wa sokoni. Yanaanza kupandisha saa tano au saa sita mchana, na yanaendelea hadi alasiri, kila moja likishajaa. Na kujaa kwenyewe hakutegemei idadi ya viti. Kwenye keria kuna mabati, godoro, mifuko ya saruji na kreti za soda. Ndani kuna mama aliyepakata kuku, mwanafunzi aliyepakata sanduku, na mzee anayetaka kujua wewe ni mtoto wa nani. Ukifika Same saa kumi jioni ukidhani utalala Mbaga, tafuta chumba Same. Bodaboda atakwambia anakufikisha, na atakufikisha kweli, ila mgongo wako utaikumbuka safari hiyo wiki nzima.

Barabara inapoacha tambarare inaanza kona ambazo gari refu huzikata kwa hatua mbili: linakwenda mbele hadi ukingoni, linarudi nyuma, linakata tena. Kwenye mlima mkali utingo anaruka chini na gogo mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi gari likisita. Likikutana na jingine linaloshuka, mmoja wao atarudi nyuma hadi palipo na nafasi, na mazungumzo ya nani arudi huwa marefu na yenye heshima zake. Abiria hawaonyeshi wasiwasi. Usionyeshe na wewe.

Jambo ambalo lazima lichukuliwe kwa uzito ni mvua. Upare una masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na udongo wa miteremko ile haupendi maji mengi kwa siku moja. Novemba 2009, huko Goha, Mamba Miamba, mlima ulimeguka usiku na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mwenyeji akikwambia leo gari halipandi, usimtolee mifano ya gari lako. Na uchukue sweta. Mtu anaiacha Same kwenye jua la mita 860 hivi juu ya usawa wa bahari, baada ya saa mbili au tatu yuko kwenye ukungu, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huko haina utani.

Sasa umefika. Kitakachotokea kwanza ni maswali. Unatoka wapi, umekuja kwa nani, utalala wapi, kazi yako nini, baba yako ni mtu wa wapi. Watu wa mjini huchukia maswali haya, wanayaona ni umbea. Mlimani ni utaratibu wa kupokea mtu. Mgeni asiyekuwa na mwenyeji anaelekezwa kwa mtendaji wa kijiji, anasalimia, anajieleza, na kuanzia hapo ana mwenyeji: kijiji kizima kinajua yupo, kinajua amelala wapi, na akipotea njia msituni kuna atakayeuliza. Shikamoo zitoke mapema na zitoke kwa wote waliokuzidi umri, hata yule anayechunga mbuzi na hakutazami.

Kama una jina la Kipare, jiandae kuelezwa ukoo wako upya. Katika ofisi za Dar es Salaam majina haya yamejaa: Mshana, Mfinanga, Mbwambo, Mrutu, Mnzava. Baadhi yanabeba ramani: Msangi wa Usangi, Mmbaga wa Mbaga, Mgonja wa Gonja. Nimewahi kukaa gari moja na kijana aliyezaliwa Ilala, hajui Chasu, lugha ya Wapare, hata salamu, akitajiwa na bibi wa kiti cha mbele nyumba ya babu yake, mti uliokuwa mbele ya nyumba hiyo na aliyeukata. Kijana alikuwa akienda mazishini. Hakuwa amefika huko tangu akiwa darasa la pili.

Kalenda ya dini nayo inahitaji kujulikana. Waadventista Wasabato walipoingia nchi hii mwaka 1903 walianzia Giti, Upareni, kabla ya kwingine kote Tanzania, na hadi leo maeneo kama Suji na Parane yana Wasabato wengi. Jumamosi huko duka limefungwa, shamba limelala, na mtu anayekata kuni anatazamwa. Kuna vijiji ambako Walutheri wa Dayosisi ya Pare na Wakatoliki wanashika Jumapili, na kuna Usangi, Ugweno na tambarare ambako Ijumaa adhana inajibizana bondeni. Mgeni asiyeijua kalenda hii anaweza kukaa bila chumvi tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu.

Pesa beba taslimu. Wakala wa simu yupo karibu kila kijiji, lakini kuwepo kwake na kuwa na floti ni mambo mawili tofauti, hasa siku ya gulio watu wakishauza mazao. Mtandao wenyewe unapatikana mgongoni mwa kilima na kupotea bondeni. Utaona watu wamesimama mahali pamoja barabarani wanaongea na simu, hapo ndipo penye mnara.

Chakula kitakuwa makande. Nchi nzima inawatania Wapare kwa makande, na Wapare wenyewe wanautania utani huo kwa kupika zaidi. Ya mlimani si yale ya shule ya bweni. Mahindi yametwangwa yakatoka maganda, yamelowekwa, yamechemka na maharage kwa saa nyingi juu ya mafiga, moto mdogo, hadi punje inapasuka na mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila kuungwa na kitu. Kuna anayetia maziwa, kuna anayetia kitunguu na nyanya, kuna anayeyaacha hivyo hivyo na chumvi tu. Ya jana ndiyo matamu zaidi. Usiulize kama kuna chipsi.

Utani mwingine ni ule wa ubahili, na ule wa kesi: kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe afungue kesi ya kuku. Wachaga wanausimulia vizuri kuliko wengine, maana ni watani wao na majirani. Nilikuwa nikicheka kama wote hadi niliposoma alichoandika Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa mwana wa milima hiyo hiyo, kuhusu Mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni na machifu wake walileta kodi mpya ya kupimiana mali, wakaipa jina la ushuru wa zamani ili ionekane ya kienyeji. Wapare hawakuchoma ofisi. Januari 1945 waliteremka kwa maelfu kutoka pande zote za milima, wakaja Same kwenye makao makuu ya wilaya, wakakaa. Walikuwa na hoja, wakaziandika, wakazipeleka ngazi kwa ngazi hadi kwa Gavana. Wanaume walikaa Same kwa miezi, wakipokezana, chakula kikitoka mlimani, na wanawake nao wakaingia kwenye mgomo. Kodi ile ilikuja kuondolewa. Watu waliokaa chini ya jua la Same kwa ajili ya kanuni moja ya kodi hawashindwi kuuza ng'ombe kwa ajili ya kuku, na sidhani tena kama ni kichekesho.

Jambo hili lilitokea katika mji ambao mabasi yanapita kila siku. Sijaona pale stendi hata kibao kimoja kinacholieleza. Tunajenga minara kwenye mizunguko ya barabara za miji yetu, lakini uwanja walikokaa watu wa Mbiru anayetaka kuujua aulize wazee, na wazee wanapungua.

Ukitaka kuona kitu kimoja tu Upare, mimi nakushauri ukaone ndiva. Ni bwawa dogo la kuhifadhi maji, limechimbwa kwenye mteremko, kingo zake ni za udongo na mawe, siku hizi nyingine zimepigwa saruji. Mfereji mwembamba unaleta maji kutoka kijitoni, na kijito chenyewe hakina nguvu ya kufika mashambani. Kikiachwa kitapotelea njiani. Kwa hiyo usiku kucha maji yanakusanyika kwenye ndiva. Asubuhi mwenye zamu anafika na jembe, anazibua tundu la chini, na yale maji ya usiku mzima yanatoka kwa kishindo, yanakimbia kwenye mfereji, na ndani ya saa chache yamekwisha. Katika saa hizo watu wako mbio mashambani, wanafungua na kuziba vijito kwa udongo na migomba, maji yasiende kwa jirani kabla ya wakati wake wala yasikawie kwako baada ya wakati wako kwisha. Kisha tundu linazibwa, na zamu ya kesho ni ya mwingine.

Zamani ndiva ilikuwa ya ukoo ulioichimba, na ukoo ndio uliojua miiko na matambiko yake. Leo zipo kamati, kuna mwenyekiti, kuna daftari. Kilichobaki vilevile ni msaragambo: siku ya kutoa tope kila nyumba inatoa mtu, na asiyekuja anatozwa faini au anakosa zamu. Ukipita huko Vudee au Bangalala asubuhi ukakuta mabishano makali kandokando ya bwawa, usidhani kuna ugomvi. Wanagawana maji, wanafanya hivyo tangu kabla ya Mjerumani, na wameendelea kulima kwenye miteremko ambayo mvua yake haitoshi. Wahandisi wa umwagiliaji wamekuja kujifunza kwao, na ni vyema walifanya hivyo. Mtalii anaweza kwenda kutazama bure. Anachotakiwa ni kutokanyaga ukingo wa mfereji, kutonawa mikono ndani yake, na kuomba ruhusa kabla ya kutoa simu.

Wapenda misitu wana Chome. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome inabeba kilele cha Shengena, mita 2,462, juu kuliko vilele vyote vya Upare. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa, ambao wanasayansi wanauheshimu kwa wingi wa viumbe wasiopatikana kwingine. Hapa mmoja wao ni kinengenenge wa Pare Kusini, ndege mdogo mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho, ambaye duniani anaishi kwenye milima hii tu. Watu wanakata tiketi ya ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama kwa dakika tano. Sisi tunaopita chini yake kila Desemba hatujui kama yupo. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS; ukitaka kupanda, lipa ada, pata mwongozaji, na uanze mapema kwa sababu ukungu wa mchana hauachi kitu cha kuona.

Upande wa mashariki wa milima, huko Kisiwani, Gonja Maore na Ndungu, mambo yanabadilika tena. Ni joto, ni mpunga, ni minazi michache na embe. Barabara ya Same kwenda Mkomazi kupitia huko imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, kwa hiyo utapita kwenye lami nzuri, halafu vumbi, halafu lami tena. Juu yake iko Mamba Miamba, nchi ya tangawizi. Wakati wa mavuno unaisikia harufu kabla hujaona gunia. Kuna kiwanda cha kusindika huko, na kuna wakulima watakaokueleza habari ya bei kwa kirefu kama una muda. Uwe nao.

Mkomazi nimeiacha nyuma makusudi, maana ndiyo inayotajwa peke yake kila mtu anapouliza Same kuna nini. Ni hifadhi nzuri. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, ina kilomita za mraba 3,245 na imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, tembo wanapita mpaka bila pasi. Geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini. Faru weusi walioletwa kuanzia 1997 kutoka Afrika Kusini, na baadaye kutoka bustani za wanyama za Ulaya, walitunzwa humo na Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyefika huko 1989, pamoja na wenzake wa Kitanzania, na sasa mgeni anaweza kuwaona. Nenda. Lakini ujue pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliondolewa humo na ng'ombe wao, na baadhi yao wakafika Mahakama Kuu, Moshi, kudai. Na ujue kwamba tembo yule unayempiga picha saa kumi alasiri anaweza kuwa shambani kwa mtu wa Kisiwani saa nane usiku. Mwongozaji wako huenda asikwambie hayo. Muulize anayekuuzia chai kijijini.

Chukua mfano wa mbali: kuna nchi kule Kusini-Mashariki mwa Asia inaitwa Timor-Leste, ilipata uhuru Mei 2002 na watalii wanaofika huko kwa mwaka ni wachache mno. Wazungu wanaokwenda huko huelezana kabla ya safari: beba dola taslimu, barabara za milimani ni mbovu na mvua ikinyesha zinakatika, kilomita mia zinaweza kula siku nzima, lala palipo na kitanda, jifunze salamu ya Kitetum. Wanakwenda, wanafika kijiji cha Hato Builico, wanaamka usiku kupanda mlima Ramelau na mwenyeji, wanashuka wamefurahi. Hakuna anayeiita nchi ile imeshindwa kwa sababu hakuna lifti. Ni ugumu ule ule, barabara ile ile, baridi ile ile ya Upare. Mtanzania akikutana na ugumu huo Mbaga anasema huku porini bado sana. Mgeni aliyeenda mbali ameikubali nchi ya watu kama ilivyo. Sisi tukiwa nyumbani tunapima kila kijiji kwa kipimo cha Masaki, na kinachopungua tunakiita ushamba. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 iliwaita wageni wa nje kwa sauti kubwa, na walikuja. Sisi wenyewe bado tunahesabiwa getini kwenye hifadhi, kana kwamba nchi iliyobaki si ya kutembelewa.

Wapare wenyewe hawajanusurika na tabia hiyo. Panda Ugweno au Usangi mwezi wa Aprili uhesabu nyumba nzuri zenye vigae, madirisha ya aluminiamu na kufuli. Zinafunguliwa Desemba. Wiki mbili mlima unajaa magari ya Dar es Salaam, muziki, nyama choma, watoto wasioelewa bibi anasema nini, kisha Januari kufuli zinarudi na bibi anabaki na funguo. Ndipo Mei 2025, alipozikwa Usangi Cleopa Msuya, waziri mkuu wa mara mbili, wakubwa wa nchi walipopanda barabara ile kwa pamoja. Mazishi yanatupeleka mahali ambapo matembezi hayajatupeleka. Vyumba vile vilivyofungwa miezi kumi na moja ndivyo malazi ambayo kila anayeandika mpango wa utalii wa Upare analalamika kwamba hayapo.

Kwa hiyo nikisikia kuna mpango wa kuleta mwekezaji ajenge hoteli kwenye kilima chenye mandhari, naomba asubiri kidogo. Hoteli itakuwa na geti, geti litakuwa na mlinzi, na mtu atakula makande kwa kijiko cha fedha bila kumjua aliyeyatwanga. Ninachotaka ni vitu vidogo na vya bei rahisi. Kila kijiji kiwe na orodha ya nyumba zenye vyumba na bei iliyokubaliwa, ikae kwa mtendaji, mwenye nyumba aliyeko Dar apate chake na bibi mwenye funguo apate chake. Ada ya kutembezwa itolewe risiti, na wanakijiji waambiwe kwenye mkutano imefanya nini. Wapare wataidai hata usipowakumbusha. Vijana wanaojua njia za Shengena na habari za mapango ya Mghimbi, walikojificha wazee wakati wa wakamata watumwa, walipwe kama mafundi, si kupewa soda. Kibao cha Mbiru kiwekwe Same.

Halmashauri ya Wilaya ya Same ikitaka kuanza na jambo moja wiki ijayo, ianze na ubao pale stendi: gari la Mbaga linaondoka saa ngapi, la Chome linapaki wapi, nauli ni kiasi gani, la mwisho ni lipi. Wapiga debe hawataupenda. Rangi na mbao hazizidi posho ya kikao kimoja.